Kodi iliondoka, bei ikabaki: tuliyojifunza kwenye kudai sheria ya taulo za kike

Alhamisi ya tarehe 14 Juni 2018, pale Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania, Dkt. Philip Mpango, alisoma bajeti ya 2018/19. Humo mlikuwa na pendekezo lililosubiriwa kwa hamu: Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile VAT ya asilimia 18, iondolewe kwenye taulo za kike. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai. Alhamisi ya tarehe 13 Juni 2019, waziri yuleyule, Bunge lilelile, akasoma kinyume chake: msamaha ufutwe, kwa sababu haukuleta matokeo yaliyotarajiwa. Bei haikumshukia mtumiaji. Aliyenufaika ni mfanyabiashara. Tarehe 1 Julai 2019 VAT ikarudi. Mwaka mmoja kamili, basi.

Kelele zilipigwa, na zilikuwa za haki. Lakini kuna jambo linalouma kulikubali. Hoja ya waziri ilikuwa ya bei, na upande wa kudai ulijibu zaidi kwa hoja ya utu: hedhi si anasa, msichana hakuchagua. Kweli tupu, ila haijibu swali lililoulizwa. Anayesema bei haikushuka hujibiwa kwa bei: duka gani, pakiti gani, tarehe gani, shilingi ngapi. Na bei ya Juni 2018 haiwezi kuchukuliwa mwezi Juni 2019. Imeshapita.

Tunaandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kurudi kwenye jambo hili, awe kwenye bunge la nchi, bunge la kaunti au baraza la madiwani. Makosa yenyewe yalikuwa ya kiufundi kuliko ya nia. Mengi yangeonekana mapema kama mtu angekaa na kikokotoo robo saa kabla ya kushika kipaza sauti.

Twende kwanza dukani kwa mangi. Chukua pakiti ya pedi nane inayouzwa shilingi 2,000. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini hesabu yake ndiyo hiyo popote. Watu wengi walisema: asilimia 18 ya 2,000 ni 360, kwa hiyo pakiti itashuka hadi 1,640. Hapo kuna makosa mawili kwa mpigo. La kwanza, kodi iliyomo ndani ya bei hutafutwa kwa 18 kugawanya kwa 118, si kwa 100. Hata kama kila aliyeigusa pakiti ile angekuwa amesajiliwa VAT, kodi iliyomo ni 305, si 360. La pili, mangi hajasajiliwa. Wakati ule kizingiti cha kusajiliwa kilikuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na duka la kona halifiki huko. Kodi iliyomo kwenye pakiti yake ni ile aliyotozwa kwa muuzaji wa jumla. Kama aliinunua 1,500, kodi humo ni 229.

Sasa rudi nyuma hadi kiwandani, kwa sababu hapo ndipo wengi hatukuangalia. Tuseme malighafi, vifungashio na umeme wa pakiti moja ni shilingi 800, na juu yake kiwanda kimelipa VAT ya 144. Pedi zikitozwa kodi kama kawaida, kiwanda kinakata hiyo 144 kwenye VAT kinayoipeleka TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania. Haikiumizi. Zikisamehewa, kiwanda hakitozi VAT kwa mteja, lakini pia kinapoteza haki ya kudai ile 144. Inageuka gharama. Kwa hiyo kutoka kwenye nafuu ya 229 toa 144, inabaki 85. Hiyo ndiyo zawadi yote ambayo kiwanda cha ndani kingeweza kuipitisha bila kupunguza faida yake hata senti.

Shilingi 85. Sasa mangi ananunua kwa 1,415 badala ya 1,500. Atauza 1,915? Atatoa wapi chenji? Sarafu ya mwisho unayoikuta mtaani ni ya 50. Mteja amezoea kutoa noti mbili za elfu moja, au noti moja ya elfu mbili, na kuondoka. Bei ya mtaani hutembea kwa hatua za mia mbili na mia tano, na nafuu isiyofika hatua hiyo huishia kwenye droo ya duka. Hakuna njama hapo. Ni chenji tu.

Ongeza suala la mzigo wa zamani. Tarehe 1 Julai rafu zimejaa pakiti zilizonunuliwa na VAT ndani yake, na hakuna mwenye duka atakayeuza kwa hasara kwa kuwa Gazeti la Serikali limetoka. Pedi si mkate. Mzigo unaweza kukaa wiki nyingi. Ukipita madukani Julai na kuandika kwamba bei ni ileile, umeandika ukweli usio na maana. Pima Oktoba.

Mwagizaji wa pedi kutoka nje naye alikaa pazuri zaidi. Mzigo wake unapita bandarini bila VAT, na nchi ilikotoka kwa kawaida imeshamrudishia mtengenezaji kodi ya malighafi. Kwa maneno mengine, msamaha ulioombwa kwa jina la msichana wa kijijini unaweza kumpa mwagizaji nafasi nzuri kuliko kiwanda cha nyumbani. India ilipita njia hiyohiyo Julai 2018 ilipofuta kodi yake ya asilimia 12 kwenye pedi: watengenezaji wa ndani walipoteza haki ya kukata kodi ya malighafi.

Neno ambalo lingepaswa kuombwa, basi, ni kiwango sifuri. Kwa mteja, "kusamehewa" na "kutozwa sifuri" yanasikika kitu kimoja, maana yote mawili hayana kodi kwenye risiti. Kwa kiwanda ni mbingu na ardhi: chini ya kiwango sifuri kinaendelea kudai ile 144, na nafuu yote ya 229 inaweza kushuka. Afrika Kusini ilichagua njia hii kuanzia tarehe 1 Aprili 2019, baada ya jopo la wataalamu lililoongozwa na Profesa Ingrid Woolard kuipendekeza. Ila nayo ina mwiba. Kiwanda kinachouza kwa sifuri kila mwezi kinaidai mamlaka ya kodi, na marejesho ya VAT katika ukanda wetu si kitu cha kukitegemea kulipa mishahara ya mwisho wa mwezi. Kikisubiri miezi sita, kimeikopesha serikali bila riba, na riba ya benki yake itaingia kwenye bei ya pakiti. Kwa hiyo pendekezo la kiwango sifuri liende na ombi la pili: muda maalumu wa marejesho kwa watengenezaji hawa, ulioandikwa kwa siku.

Njia nyingine ni kuondoa mzigo kwenye malighafi zenyewe. Hapa usiandike "malighafi za taulo za kike" ukadhani umemaliza. Afisa forodha anasoma namba. Pedi iliyokamilika iko chini ya kichwa 9619, pamoja na nepi. Tabaka la kufyonza hutoka 4703, nyuzi za mbao zilizosafishwa. Zile chembe zinazogeuza maji kuwa ute ni 3906. Kitambaa laini kisichofumwa ni 5603, karatasi ya plastiki ya nyuma ni 3920, na gundi ya moto ni 3506. Hazina itakuuliza mara moja: gundi si ya viatu pia? Plastiki si ya mifuko? Swali ni halali. Jibu linalopita ni kulifunga kwenye mtumiaji: nafuu apewe mtengenezaji aliyesajiliwa, kwa kiasi kinacholingana na uzalishaji wake, na akaguliwe. Ukienda bila jibu hilo, pendekezo litakatwa siku hiyohiyo.

Tena usichanganye kodi mbili. VAT ni ya sheria ya nchi. Kwa Tanzania utaikuta kwenye Sura ya 148, na misamaha iko kwenye Jedwali lake. Ushuru wa forodha si wa Dodoma wala Nairobi peke yao. Unafuata Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 na viwango vya pamoja, na mabadiliko hupita kwenye Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kabla ya kutangazwa katika Gazeti la EAC. Ukimpelekea mbunge ombi la kufuta ushuru wa forodha, utakuwa umempa kazi ambayo bunge lake haliwezi kuimaliza.

Uingereza ilifuta VAT yake ya asilimia 5 tarehe 1 Januari 2021. Uchambuzi wa baadaye wa Tax Policy Associates, taasisi ya huko inayochambua sera za kodi, ulikadiria kwamba angalau asilimia 80 ya nafuu ilibaki kwa wauzaji. Hao wana minyororo ya maduka makubwa, ushindani mkali na chenji ya senti moja. Sasa jiulize kuhusu Namtumbo, wilaya ya kusini mwa Tanzania.

Ndiyo maana tunasema daftari la bei lianze kabla ya kampeni. Halihitaji fedha za mfadhili. Chagua maduka 30: kumi ya jumla, kumi ya mtaani mjini, kumi ya vijijini, na usiyabadilishe katikati. Chagua aina tatu za pedi zinazouzwa kila mahali. Kila tarehe 15 ya mwezi andika jina la bidhaa, idadi ya vipande, bei, na kama duka linatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Idadi ya vipande ni ya lazima, maana kuna pakiti inayobaki 2,000 huku vipande vikishuka kutoka kumi hadi nane. Bila safu hiyo utaapa kwamba bei haikupanda. Anza miezi mitatu kabla ya Julai, endelea miezi kumi na miwili baada yake. Piga picha ya pakiti na kibandiko cha bei. Gharama yake ni vocha na nauli. Kama daftari linaonyesha bei ya jumla ilishuka na ya rejareja haikushuka, una jibu la kumpa waziri: tatizo liko hatua hii, usifute nafuu nzima. Kama linaonyesha haikushuka popote, ni afadhali uyajue hayo wewe kabla hajayasema yeye.

Bajeti ile ya 2019 ilikuwa na kitu kingine ambacho kilizama kwenye hasira. Serikali ilipendekeza kodi ya mapato ya makampuni ishuke kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili, kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike watakaoingia mkataba wa utendaji na serikali. Nafuu yenyewe ilikuwa finyu: mwekezaji mpya hana faida kubwa ya kutozwa miaka miwili ya mwanzo, na wa zamani waliachwa nje. Lakini wazo la mkataba ni zuri kuliko nafuu yenyewe. Nafuu yoyote ya kodi inaweza kufungwa kwenye mkataba wenye bei elekezi iliyochapwa kwenye pakiti. Bei ikiwa imechapwa, mteja mwenyewe anakuwa mkaguzi.

Wakenya walianza mapema zaidi. VAT kwenye sodo, ndivyo wanavyoziita pedi, waliiondoa 2004, na hutajwa kuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2011 serikali ikaanza kutenga fedha za kuwagawia wanafunzi. Kisha Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, na kifungu cha 39 kikapata aya ya (k): serikali itoe taulo za bure, za kutosha na zenye ubora kwa kila msichana aliyesajiliwa katika shule ya umma ya elimu ya msingi aliyefikia balehe, na iweke njia salama ya kuzitupa isiyoharibu mazingira.

Kama sheria, ni hatua kubwa kuliko msamaha wa kodi. Msamaha unafutwa kwa mstari mmoja wa Sheria ya Fedha, kama tulivyoona. Wajibu ulioandikwa kwenye sheria ya elimu unahitaji waziri asimame bungeni na kusema anawanyang'anya wasichana haki yao. Wachache wana uso huo. Lakini soma aya ile tena, polepole, kama wakili wa upande wa pili.

"Za kutosha." Ngapi? Hapo ndipo mpango mzima hupwaya. Damu hutoka siku nne hadi tano kwa wengi, na pedi hubadilishwa kila saa nne hadi sita. Ukihesabu pedi nne kwa siku kwa siku tano, ni 20. Pakiti ya kawaida ina nane. Kwa hiyo "pakiti moja kwa mwezi", msemo ambao utausikia kwenye kila hafla ya ugawaji, unamfikisha msichana hadi jioni ya siku ya pili. Siku ya tatu anarudi kwenye kitambaa, au anakaa na pedi moja kutwa nzima, au haji shule. Mwalimu akiandika kwamba utoro haukupungua, mtu wa Hazina atasema pedi hazisaidii. Pedi hazikutosha, ndugu yangu.

Piga hesabu ya fedha kwa namna hiyohiyo. Tuseme serikali inanunua pakiti kwa shilingi 50 za Kenya, na bajeti ni milioni 500. Kwa pakiti moja kwa mwezi, miezi tisa ya masomo, kila msichana ni shilingi 450, na fedha zinawatosha wasichana milioni 1.1. Kwa pakiti mbili wanabaki 555,000 hivi. Kwa pedi 20 wanashuka zaidi, na lori bado halijawashwa. Kwa upande wa Tanzania linganisha na ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari, shilingi 25,000 kwa mwaka. Pakiti mbili kila mwezi kwa bei ya duka ile ya 2,000 ni 48,000. Mkuu wa shule anayeambiwa "nunueni kwenye ruzuku" ameambiwa afanye kiini macho. Sheria isiyotaja fungu lake kwenye bajeti hutekelezwa kwa fungu la mtu mwingine, na mtu huyo ataipinga kimya kimya.

"Kila msichana aliyesajiliwa katika shule ya umma." Aliyeacha shule hayumo, wala wa shule ya binafsi ya bei rahisi kwenye mtaa wa mabanda. Hata aliyesajiliwa hayumo wakati wa likizo, ingawa mwili haufungi muhula. Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona, na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Njia ya ugawaji ilikuwa shule. Shule ikifungwa, njia imefungwa. Aya moja fupi ingetosha: shule zikifungwa kwa zaidi ya siku 30, mgao upitie zahanati au ofisi ya chifu. Hakuna aliyeifikiria, nasi pia tusingeifikiria.

Halafu nani anawajibika? Mgao wa Kenya ulihama kutoka Wizara ya Elimu kwenda idara ya jinsia, na baadaye ukapelekwa kwa wawakilishi wanawake wa kaunti. Kila uhamisho una bei yake: orodha za wanafunzi zinabaki wizara ya zamani, zabuni zinaanza upya, muhula unapita. Taja ofisi moja ndani ya sheria. Na tumia "itatoa". Ukiandika "inaweza kutoa", umetoa ruhusa ambayo serikali ilikuwa nayo tangu jana.

Kwa uandishi wa vifungu, tunashauri mtu asome sheria ya Scotland ya 2021 hata kama bajeti yao si yetu. Aliyeibeba ni mbunge Monica Lennon, ikapita tarehe 24 Novemba 2020 kwa kura 121 bila aliyepinga, na ikaanza kutekelezwa kikamilifu tarehe 15 Agosti 2022. Inazitaka serikali za mitaa, shule na vyuo vihakikishe bidhaa zinapatikana bure, kwa urahisi, kwa heshima, na kwa kuchagua aina. Inawataka pia wachapishe maelezo ya jinsi watakavyofanya, baada ya kuwauliza watumiaji wenyewe. Kizuri zaidi ni ufafanuzi: haitaji taulo, inataja kazi. Kwa Kiswahili tungeandika hivi:

"Bidhaa za hedhi maana yake ni kitu chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya kufyonza au kukusanya damu ya hedhi, kiwe cha kutumia mara moja au cha kutumia tena, na kiwe cha malighafi yoyote."

Sheria inayotaja "taulo za kike" tu inaiacha nje tamponi, na inakiacha nje kikombe cha hedhi, ambacho mtu akikipata na maji safi ya kukichemshia kinamfaa kwa miaka. Pedi za kufua nazo hubaki kwenye mjadala usioisha: ni taulo, au ni nguo? Zinafaa sana, ila usiziandike kama jibu la bei nafuu kwa kila shule. Pedi ya kufua inataka sabuni, maji, na mahali pa kuianika juani. Bweni lenye kamba moja ya nguo mbele ya darasa la wavulana litazianika chini ya godoro, mbichi, na msichana atapata muwasho. Uchaguzi uwe wake.

Kuhusu ubora, usibuni viwango vyako ndani ya muswada. Kipo kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 96. Kitaje "au kitakachochukua nafasi yake", ili sheria isizeeke kiwango kikibadilishwa. Zabuni ziagize sampuli zipimwe kabla ya mzigo kupokelewa, maana pedi mbovu haionekani kwa macho. Utaijua saa mbili baada ya kuvaliwa.

Milango ya kuingilia inatofautiana. Tanzania, Ibara ya 99 ya Katiba inamruhusu mbunge kupendekeza kodi ipunguzwe, lakini jambo linalotoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina lazima lipendekezwe na Rais kupitia waziri. Muswada binafsi wa pedi za bure utakwama hapo hata ukumbi mzima ukisimama kuushangilia. Njia inayopitika ni kumshawishi waziri mapema, miezi kadhaa kabla ya Juni, wizara inapokusanya mapendekezo ya kodi. Ukishindwa, subiri Kamati ya Bajeti ipokee maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Muda huo ni wa siku chache tu, kwa hiyo andiko lako liwe tayari tangu Mei: kurasa tatu, ya kwanza ikiwa na maneno kamili ya kifungu yanayoweza kunakiliwa kwenye jedwali la marekebisho. Mbunge mwenye nia njema asiye na maneno hayo atatoa hotuba nzuri, na hotuba haibadilishi Sura ya 148.

Kenya, Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na ya 118 inalazimisha wananchi washirikishwe. Mwiba uko Ibara ya 114, miswada ya fedha: Spika akiona inahusu fedha, maoni ya Waziri wa Fedha yanatakiwa kabla haijaendelea. Kwa kaunti, soma Jedwali la Nne kwanza. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na zahanati. Sheria ya kaunti ya kugawa sodo ipitie zahanati, la sivyo mkaguzi wa hesabu ataiuliza kaunti kwa nini imetumia fedha zake kwenye kazi isiyo yake.

Na kuna vicheko. Mara ya kwanza neno hedhi likitamkwa kwenye kikao cha wazee, mtu atakohoa, mwingine atatazama simu, mwenyekiti atasema "hilo jambo la akina mama". Tarehe 14 Februari 2023, seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti ya Kenya akiwa na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akatakiwa atoke akabadilishe nguo. Nchi nzima ilizungumza. Ujasiri wa namna hiyo hufungua mlango, na mlango ukifunguka ndipo utajua kama una karatasi mkononi. Kwenye kikao cha kawaida tiba ya vicheko ni rahisi zaidi: weka pakiti mezani, ifungue, hesabu pedi kwa sauti. Moja, mbili, mpaka nane. Kisha uliza siku tano zina saa ngapi. Wazee wanajua hesabu.

Baada ya sheria kuja kanuni, na humo ndimo sheria nyingi hufia. Andika ndani ya sheria yenyewe kwamba waziri atatunga kanuni ndani ya siku 180. Kanuni ziseme mzigo ufike shuleni wiki ya kwanza ya muhula, si ya mwisho. Nani anashika ufunguo wa stoo, na awe mwanamke. Msichana apokee bila kusimama kwenye mstari mbele ya darasa. Pakiti zichapwe "Haziuzwi", maana bila hivyo utazikuta sokoni kabla ya mwezi kuisha.

Utupaji ndio watu huuacha mwisho. Pedi nyingi zina plastiki. Zikitupwa kwenye choo cha shimo hazioi: shimo linajaa kabla ya wakati wake, na gari la kunyonya majitaka likiitwa, mpira wake unaziba. Tanuru la matofali lisilofika nyuzi 800 linaunguza nusu na kutoa moshi wenye sumu darasani. Kinachohitajika ni ndoo yenye mfuniko kwenye kila choo cha wasichana, kitasa cha ndani kinachofunga, maji, na mtu wa kuzimwaga ndoo hizo kila siku akiwa na glovu. Mtu huyo hulipwa. Ujira wake uwe mstari wa peke yake kwenye jedwali la gharama linalokwenda na muswada, kabla pakiti ya kwanza haijanunuliwa.